Kiwiko cha Chiriku

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la vioo.
Jumamosi, 9 Agosti.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepata nafuu. Kila nikifikiria kazi yako ya kuwanyanyua wazee wa watu kitandani, mgongo unaniuma mimi. Shemeji naye hajambo? Bado anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta? Na kitinda mimba wako, lile jino la mbele limeota, au bado anacheka kwa pengo?

Sisi huku tunaendelea. Mama yu mzima na ulimi wake mzima. Daktari amemkataza chumvi, naye amenikataza mimi kumkumbusha habari za daktari. Kazini kwangu, kwa dobi, wameleta pasi mpya za mvuke, kubwa kama milango, na joto lake nakwambia hata mawazo yanakunjuka. Nashukuru kazi ipo.

Barua hii anakuletea jirani yetu muuguzi, anayesafiri kuja huko kumwona mwanawe. Najua utashangaa kwa nini niandike wakati Jumapili tunaongea kwa simu. Dada, kwa simu nimeshindwa. Kila Jumapili najiandaa, napiga moyo konde, halafu nikisikia sauti yako ikiuliza "Haya, mnaendeleaje?" najikuta naongelea hali ya hewa. Nimezunguka vya kutosha. Habari yenyewe inamhusu binti yako.

Kwanza ujue kwamba yuko hapa sebuleni, anakula mkate na kuongea na redio. Usishtuke.

Tulipokwambia kwamba Chiriku ameteguka kidogo mkono mazoezini, tulikudanganya. Hakuteguka kidogo, na hayakuwa mazoezi. Kiwiko cha mkono wa kulia kilitoka mahali pake na kano moja ikachanika, kwenye mashindano ya jujitsu, mbele ya macho yangu. Na mtihani wake wa vitendo pale chuoni hakuufanya. Fundi umeme hawezi kupanda ngazi na kukaza nyaya kwa mkono mmoja. Atausubiri mtihani mpaka muhula ujao.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana hukumu nataka uitoe ukiwa umesikia yote.

Unajua kwamba tunacheza pamoja, pale ukumbini nyuma ya gereji. Mwalimu wetu, tunayemwita Kocha, ni fundi bomba, mtu mpole mwenye masikio yaliyovimba kama uyoga kwa miaka ya kusuguana na mikeka. Chiriku alianza kwa kunisindikiza tu. Baada ya muda mfupi akawa anawapindua watu wazima wenye mabega kama kabati, huku akiongea. Ndiyo, anaongea hata akiwa amelaliwa. Kocha alikuwa akimwambia, "Binti, pumzi hiyo itunze," naye anajibu, "Ninazo nyingine."

Mimi mwenyewe nilishindana huko nyuma na sikuambulia kitu. Nilikuwa nikirudi nyumbani nawaambia mwamuzi kanionea. Hakunionea mtu. Nilikuwa naogopa. Mtu akishanishika kola, kichwa kinajaa kelele: fanya hivi, hapana, fanya vile, mama yangu nakufa. Mwili unaujua mchezo, kichwa kinaukataa.

Basi Chiriku aliposema anataka kushindana, nikaona hapa ndipo. Mbinu nilimwachia Kocha. Kichwa cha mtoto nikajitwika mimi.

Nilimwandaa kweli, Dada, sitajinyima hilo. Asubuhi kabla ya kazi tulikimbia pamoja. Jioni nilimtaka aanze kila pambano akiwa pabaya, amekaliwa kifuani au mgongo umeshatekwa, ili siku ya siku pabaya pasimtishe. Jikoni nilisogeza meza, nikafungua redio hadi mwisho kwa ajili ya kelele za ukumbi, nikamfanya aingie mlangoni, ainame, ashike kola yangu, ashike mkono wa nguo yangu, avute. Tena. Tena. Mama akapita kati yetu na sufuria yake akisema hajawahi kuona watu wakigombana bila sababu kwa utaratibu namna hii.

Uzito nao ulikuwa mtihani. Ilibidi apungue kidogo aingie kundi lake. Akawa anakula kuku asiye na mafuta na mboga za kuchemsha, na usiku anasimulia ndoto za keki. Mimi nikaacha kula mbele yake, nikawa nakula nimejificha bafuni kama mwizi. Alinifuma na andazi mdomoni, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Lakini kitu nilichomwekea kichwani kuliko vyote ni hiki. Nilimwambia kwamba akiingia mkekani asifikiri. Kufikiri ndiko kulikoniua mimi. "Wewe kichwa chako kiache nje na kandambili," nilimwambia. "Mimi nitakuwa kwenye kiti cha pembeni. Mimi ndiye nitakayefikiri. Wewe sikiliza sauti yangu tu. Nikisema vuta, vuta. Nikisema simama, simama. Nisiposema kitu, endelea."

Akauliza, "Na nikiwa naumia?"

Nikamjibu, "Nitaona kabla yako."

Nikamzoesha hivyo kila siku. Siku za mwisho alikuwa amenyamaza kabisa mkekani. Hakuna utani, hakuna hadithi. Sauti yangu tu na mwili wake unaofuata. Kocha akaniambia, "Huyu mtoto mbona kimya? Simpendi akiwa kimya." Mimi nikavimba kichwa. Niliona nimefanya kazi ambayo mama yake mzazi alishindwa. Nimemtuliza Chiriku.

Siku ilipofika tulienda mapema. Alipima uzito, akapita, akala ndizi kwa furaha kama mtu aliyetoka kifungoni. Nguo zake nilikuwa nimezipiga pasi kazini, zimenyooka hadi wachezaji wengine wakauliza kama ni mpya. Kucha nilimkata mwenyewe. Kocha alikuwa na wanafunzi kwenye mikeka mingine, kwa hiyo kiti cha pembeni, kile anachoruhusiwa kukaa mtu mmoja tu wa kumwelekeza mchezaji, nilikikalia mimi, kama tulivyopanga.

Pambano la kwanza alishinda kwa alama. La pili alimkaba mwenzake kwa kola hadi akagonga. Nikueleze kugonga, maana kila kitu kimelala hapo. Ukibanwa shingo au kiungo na huna njia, unampiga mwenzako vikofi viwili, au unaupiga mkeka. Maana yake nimekubali, niachie. Naye anaachia papo hapo. Hakuna anayecheka. Mchezo mzima unasimama juu ya hilo, ndiyo maana watu wanaweza kukunjana viungo jioni na asubuhi wakaenda kazini.

Fainali alikutana na mpishi wa hoteli, mwanamke wa makamo yangu, mikono imara ya kukanda unga. Binti yako alimpindua mwanzoni kabisa. Watu wakasimama. Alama zetu zikawa mbele, saa inakwenda, nami nashangilia hadi koo linauma. Dada, nilikuwa nimeshaiona medali. Na sio shingoni kwake tu. Sitaki kukuficha.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, mpishi akiwa chini, alitupa mguu juu ya uso wa Chiriku na kuudaka mkono wa kulia. Chiriku akaunganisha viganja vyake asinyooshwe. Nikapiga kelele, "Shikilia!" Akashikilia. Viganja vikaanza kuteleza. Nikapiga tena, "Shikilia, inakwisha!" Viganja vikaachana. Mkono ukanyooka.

Hapo akageuza uso akanitazama.

Niliona, Dada. Hakuna mtu atakayeniambia sikuona. Nilikuwa karibu kama ulivyo mlango wa jiko na meza yetu ya zamani. Neno "gonga" lilinifika ulimini. Nikaondoa macho yangu kwake, nikatazama saa ya ukutani.

Kisha nikasikia kiwiko.

Aliyepiga kelele ya kwanza si Chiriku. Ni mpishi. Alimwachia kabla mwamuzi hajafika, akawa anapiga magoti anasema, "Hakugonga! Kwa nini hakugonga?" Binti yako alikuwa amekaa, ameushika mkono wake kama mtu aliyepewa kitu asichojua ni cha nani.

Hospitali walikirudisha kiwiko mahali pake, wakakifunga. Nilikaa naye hadi dawa ilipomtuliza. Ndipo nikauliza swali ambalo sikuwa na haki ya kuliuliza.

"Mwanangu, kwa nini hukugonga?"

Akasema bila hasira, kama anajibu swali la darasani, "Nilikuwa nakusubiri useme."

Nikamrekebishia mto. Mto ulikuwa hauna tatizo lolote.

Jumapili ya kwanza ulipopiga, nilikuwa nimejiandaa kukuambia. Yeye akaichukua simu mkononi mwangu kwa mkono mzima, akasema, "Mama, nimeteguka kidogo mazoezini, si kitu." Alikuwa ananikinga mimi. Mtoto wako, na mkono umefungwa, ananikinga mimi nisigombane na dada yangu. Nami nikakubali kukingwa. Hilo, Dada, linaniuma kuliko kiwiko. Kiwiko kilikuwa kufumba na kufumbua. Uongo wa simu niliurudia kila Jumapili.

Watu walinifariji. Kazini wakasema ndiyo michezo, ajali haina kinga. Mama akasema mfupa wa kijana huunga haraka. Kila aliyenifariji alikuwa anaifariji hadithi niliyompa, yenye binti shujaa aliyekataa kushindwa. Nilikuwa nikimwogesha, nikimfunga vifungo, nikimkatia chakula vipande vidogo. Akawa ananiambia, "Mamdogo, mkono mmoja ndio mgonjwa, meno ninayo." Kila nikimtendea wema najihisi nalipa kisirisiri, naye hajui deni lenyewe.

Kisha mpishi akaja nyumbani.

Ilikuwa mchana, nimetoka kazini mapema. Nikafungua mlango nikamkuta amesimama, bado ana aproni yake ya kazi, ananuka vitunguu, mkononi ana keki imefungwa kwenye kitambaa. Alikuwa ameipata nyumba kwa kumuuliza Kocha. Alikataa kukaa.

"Mama," aliniambia, japo tunalingana, "silali. Kila nikikata nyama nasikia ule mlio. Labda nilivuta haraka. Labda ningempa nafasi. Nimekuja mnisamehe, na huu mchezo nimeuacha."

Chiriku alikuwa kitini ananitazama. Nafasi ilikuwa nzuri sana, Dada. Ningesema tu, "Tumekusamehe," mama wa watu angekwenda na mzigo wangu akidhani ni wake. Nilihisi mdomo ukijiandaa kabisa kusema hivyo.

Nikamwambia, "Hukuvuta haraka. Ulivuta polepole. Nilikuwa natazama. Alinigeukia mimi nimwambie agonge, nami nikaangalia saa, kwa sababu tulikuwa tunaongoza."

Mpishi alibaki na keki yake mkononi. Mimi nikamgeukia Chiriku. "Nilikuona," nikasema. "Sio kwamba sikukuona. Nilikuona."

Nilidhani atalia, au atanifukuza chumbani kwake kwa wiki nzima. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akikaa, na safari hii ukimya wake sikuupenda hata kidogo. Halafu akasema, "Najua. Niliona ukitazama saa."

Alikuwa anajua muda wote. Alijua hospitali aliponijibu, alijua kwenye simu, alijua ninapomkatia chakula. Alikuwa ananisubiri niseme.

Akaongeza, "Nilikuwa na akili yangu pia, Mamdogo. Maumivu yalikuwa yangu. Ningeweza kugonga. Nimejiuliza sana kwa nini niliamua kuuliza ruhusa." Kisha akamwambia mpishi akae, na keki ikatwe, kwa sababu kuna watu wameiota muda mrefu.

Sitakudanganya tena kwa kusema kwamba baada ya hapo mambo yakawa shwari. Siku kadhaa alinijibu kwa neno moja moja. Asubuhi moja nilimfungia kifungo cha shati, akakifungua, akakifunga tena mwenyewe kwa mkono wa kushoto, akachukua muda mrefu, nami nikasimama pale kuangalia. Niliona ni haki yangu kuangalia.

Kocha nilimweleza pia. Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo. Alifuta mikono yake yenye grisi akasema, "Kila mchezaji ninayemfundisha, kitu cha kwanza namfundisha kugonga. Wewe ulimfundisha kitu cha kwanza kukusikiliza." Halafu akasema na yeye alikosea, alipomwona mtoto amekuwa kimya akaacha kuuliza zaidi.

Sasa nikupe habari za leo, maana najua moyo unakwenda mbio. Kiwiko kinakunja karibu chote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anasema kitakuwa imara, ila wakati wa baridi kitamsumbua kidogo. Kazi za nyaya ataweza, nimeuliza mara mbili, na chuo kimemwandikisha kwa mtihani ujao. Ukumbini amerudi. Kwa muda alikuwa anafundisha wageni wanaoanza, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni. Sasa anacheza taratibu, na mwenzake mkubwa wa mazoezi ni yule mpishi, ambaye mchezo hakuuacha. Wakicheza wanaongea wote wawili kwa wakati mmoja, Kocha amekata tamaa.

Na anataka kushindana tena, mwishoni mwa mwaka. Hilo si mimi niliyemsukuma. Safari hii anajiandaa kwa namna yake. Amejipangia mwenyewe mahali atakapogonga na mahali atakapopigana, anasema anajua tofauti ya kuogopa na kuumia, na kwamba ni mwili wake unaojua, si kiti. Mimi napiga pasi nguo na kunyamaza.

Juzi alikuja jikoni nikiwa naosha vyombo. Akasimama pembeni yangu akikausha sahani kwa mkono ule wa kulia. Akasema, "Mamdogo, kwenye kiti atakaa Kocha."

Nikamwambia sawa.

Akasema, "Wewe utakaa jukwaani na watu wengine. Naomba usipige kelele. Ukipiga kelele nitaisikia sauti yako tu, na sitaki."

Nikamwambia sawa, sitapiga. Akaweka sahani kabatini, akachukua nyingine.

Dada, uliniachia mtoto. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie mimi, yeye usimguse. Ukitaka aje huko, mwambie yeye, ni mtu mzima, nami sitamshika. Sikuombi unisamehe kwa barua. Naomba tu Jumapili ukipiga, usiulize kwangu kwanza. Omba kuongea naye, na akianza kukueleza mwachie aeleze mpaka mwisho, hata muda wenu ukiisha. Mimi nitatoka nje niende kwa jirani.

Nisalimie Shemeji, mwambie namheshimu, na najua ana haki ya kusema lolote. Mbusu kitinda mimba kwenye lile pengo. Mama anakusalimu sana na anauliza kama huko watu wanaruhusiwa chumvi. Kocha anakusalimu ingawa hamjaonana, na mpishi pia. Chiriku anasema salamu zake atazitoa mwenyewe, na ujiandae, ni nyingi.

Mungu akulinde, akunyooshe mgongo, na akupe usingizi usiku utakapomaliza kuisoma hii.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda na anayekungoja Jumapili kwa hofu,

Mamdogo wa Chiriku.